Kinu cha Bua, Lori la Mkebe

Mwaka 1955, mtu na mkewe kutoka Marekani, Robert na Barbara LeVine, walihamia katika vilima vya Wagusii, magharibi mwa Kenya, wakiwa na madaftari na subira nyingi. Walikaa hadi 1957. Kazi yao ilikuwa sehemu ya utafiti wa jamii sita za dunia, nyingine zikiwa Mexico, Ufilipino, Okinawa, India na mji mmoja wa Marekani kwenyewe. Walitaka kujua mtoto hulelewaje na siku yake huishia kwenye shughuli gani. Mtaa wao wa Kisii waliuandika kwa jina la Nyansongo. Zaidi ya miongo minne baadaye, mwaka 2000, mtaalamu wa saikolojia Carolyn Pope Edwards alichapisha makala baada ya kuyapekua upya yale yaliyoandikwa katika jamii zote sita, akitafuta mchezo peke yake. Watoto wa Nyansongo walishika mkia. Wao na wale wa Khalapur, India, ndio waliocheza kidogo kuliko wote.

Sababu haikufichika. Mtoto wa Kigusii alikuwa na kazi. Mvulana alichunga ng'ombe, msichana alibeba mdogo wake mgongoni, akateka maji, akapalilia wimbi na mahindi pamoja na mama. Dunia ya watoto wenye sanduku la vitu vya kuchezea ilikuwa mbali na milima hii.

Sina ugomvi na hesabu hiyo. Ila hesabu ya muda haisemi chochote kuhusu vitu. Anayechunga ng'ombe ana macho yenye kazi na mikono isiyo na kazi, na mikono ya watoto wa nyanda hizi, kuanzia Kisii mjini hadi Nyamira na kushuka hadi Ogembo kwenye bonde la Mto Gucha, haikukaa bure hata siku moja. Ilitengeneza. Na kwa kuwa ilitengeneza kile ilichokiona kikipita, ukiwekewa vitu hivyo mbele yako kwa mpangilio ungeisoma historia ya sehemu hii kuanzia jembe hadi bodaboda bila kufungua kitabu. Tatizo ni kwamba havipo. Gari la bua liliishia tumboni mwa ndama, la mti likaishia jikoni mvua ziliponyesha kuni zikiwa mbichi, na waya ikachukuliwa na mama kufungia mlango wa banda la kuku.

Kwa hiyo inabidi tuanze na malighafi.

Kabla ya dola ya Uingereza, vijana wa Kigusii waliishi na mifugo katika kambi zilizoitwa ebisarate, wakilinda ng'ombe dhidi ya majirani waliowatamani. Serikali ya kikoloni ilizivunja yapata mwaka 1913, na uchungaji ukaangukia mikono midogo zaidi ya watoto wa boma. Udongo wa mtoni ulikuwa wa bure. Kama kwingi Afrika Mashariki, mtoto alifinyanga ng'ombe, akawapa pembe na nundu, akawajengea boma la vijiti. Mandhari ndogo kamili hiyo: zizi, malisho, mchungaji wa udongo mwenye fimbo ya unyasi. Kilichokosekana ni mwendo. Ng'ombe wa udongo hasogei mpaka umsogeze.

Mwendo uliletwa na maji. Miaka ya kati ya vita viwili vya dunia vinu vya kusaga mahindi kwa nguvu ya maji vilienea kwenye vijito vya Gusii, nchi ambayo mvua haiishi na kila bonde lina mkondo wake. Kwa mama aliyezoea jiwe la kusagia, kinu kilikuwa muujiza wa kupunguza kazi. Kwa mtoto aliyetumwa na kikapu cha mahindi akasubiri zamu yake, kilikuwa darasa. Gurudumu kubwa linapigwa na maji, mhimili unazunguka, na ndani ya kibanda jiwe linazunguka nao. Akirudi malishoni anakata bua la mahindi, anapasua ncha, anachomeka vipande vya ganda kama makasia, analaza bua juu ya panda mbili kwenye kijito chembamba. Linazunguka. Kisha anaanza kufikiria la pili: nini kifanywe na mzunguko huo? Anafunga kijiti kwenye mhimili, na kila mhimili ukizunguka kijiti kinagonga jani. Hapo ameshavuka kutoka kitu kinachozunguka na kufika kwenye kitu kinachofanya kazi, na hatua hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo ngumu kuliko zote zilizofuata.

Mgomba nao ulisaidia. Kisii ni nchi ya ndizi, na shina la mgomba hukatika kwa kisu butu, hubeba misumari ya miti, halipasuki. Bodi ya gari, mashua, hata daraja, vyote vilitoka humo. Maisha yake ni siku chache, kisha hunyauka na kunuka.

Ndipo duka likaleta bati.

Maduka ya Wahindi yaliyofunguliwa Kisii mjini na kwenye vituo vidogo yaliuza mafuta ya taa ndani ya debe, chumvi, sukari, na baadaye mafuta ya kupikia ndani ya mikebe. Maisha ya mkebe mmoja katika nyumba ya Kigusii yanastahili ukurasa mzima. Mafuta yakiisha, mkebe wa kilo mbili ulikwenda sokoni ukawa gorogoro, kipimo cha mahindi na maharagwe ambacho hadi leo hakuna mizani ya serikali iliyokifukuza katika masoko ya Kenya. Ukipata kutu mdomoni, ukawa wa kukamulia au wa kuchotea maji ya kuku. Ukitoboka, ukawa wa miche. Fundi akiupata angali mzima kiasi, alikata kipande akaunga kibatari. Kenneth King, mwalimu aliyeandika juu ya mafundi wa Kenya mwaka 1977, alikipa kibatari hicho cha mkebe nafasi kubwa katika kitabu chake, maana alikiona kuwa ushahidi wa uwezo wa kubuni ambao wenye mipango ya maendeleo hawakuwa wakiutazama. Miaka mitano kabla yake, 1972, Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limetoa ripoti yake mashuhuri kuhusu ajira Kenya, iliyowafanya wachumi wakubali kwamba hawa watu wanaogonga bati juani ni sekta ya uchumi. Jina la jua kali lilishika, na katikati ya miaka ya 1980 Rais Moi akaamuru wajengewe vibanda.

Hakuna ripoti iliyotaja kwamba kabla ya bati kufika kwa fundi au baada ya kutoka kwake, lilipita kwa mtoto. Kipande kilichobaki baada ya kukata kibatari ndicho kilichokuwa bodi ya lori. Mikebe ya rangi ya viatu ilikuwa na thamani ya pekee: mifuniko yake ni duara kamili, sawa kwa sawa, na mikebe miwili hutoa magurudumu manne. Ukikosa hiyo, vizibo vya soda. Ukikosa vizibo, raba ya akala iliyokatwa mviringo, au slipa iliyokwisha kisigino. Mhimili ni spoki ya baiskeli. Taa za mbele ni vizibo viwili vilivyopigiliwa misumari. Mzigo ni udongo, kwa sababu lori lisilobeba kitu halina maana kwa mtoto wa mkulima.

Kuhusu mzigo, Gusii ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza nchini ambako Waafrika waliruhusiwa kulima kahawa, katikati ya miaka ya 1930, wakati ambapo walowezi walitaka zao hilo libaki lao. Pareto na chai zilifuata. Kila zao lilikuja na gari lake. Lori la chai, lile linalozunguka vituo vya kununulia majani na kuyapeleka kiwandani, Ogembo ikiwa na kiwanda chake, ni zawadi kwa fundi mdogo, kwa kuwa pande zake zina kulabu za kutundikia magunia. Waya nyembamba ikikunjwa inakuwa kulabu. Magunia ni vipande vya nguo vilivyojazwa majani halisi, maana chai iko pale pale ukingoni mwa njia. Huhitaji kubuni mzigo.

Waya ndiyo iliyofungua mlango wa sehemu zinazocheza. Mtu akiona gari la waya la Afrika kwa mara ya kwanza hutazama umbo lake, lakini kilicho cha kustaajabisha ni usukani. Mhimili wa mbele haukazwi kwenye bodi. Unafungwa katikati kwa kitanzi kilegevu ili uweze kupinda kushoto na kulia. Kutoka hapo fimbo ndefu, au waya nene, hupanda juu hadi kiunoni mwa dereva, ambako huishia kwa usukani wa duara. Mtoto anatembea wima nyuma ya gari lake, hainami, anapiga kona kwa kuzungusha mikono, na midomo inatoa sauti ya injini na kubadili gia. Malawi wana gari hilohilo na wanaliita galimoto. Lina ndugu Zimbabwe, Zambia na Kongo. Nani alilianzisha hakuna anayeweza kudai. Tatizo lilikuwa moja kila mahali, na waya ina njia chache za kulitatua vizuri.

Kinachonivutia zaidi ni hatua iliyofuata, ya kuweka watu. Mwendesha baiskeli wa bati, miguu yake ikikanyaga pedali kila unaposukuma. Mama mwenye mchi, akitwanga kadiri gurudumu linavyokwenda. Siri ni mkunjo mmoja. Mhimili unapindwa katikati kuwa mfano wa herufi U, na waya nyingine inafungwa kwenye mkunjo huo kwa kitanzi. Gurudumu likizunguka, mkunjo unapanda na kushuka, waya inapandisha na kushusha mguu au mchi, na goti lina kiungo cha msumari. Mzunguko umegeuka kuwa upandaji na ushukaji.

Mtoto wa Ogembo angeuona wapi mkunjo huo? Jibu langu: barazani mwa duka. Cherehani ya kukanyaga, yenye miguu ya chuma, imekaa mbele ya maduka ya Kenya kwa vizazi, na fundi wake hajali watoto wakimsimamia. Kanyagio linakwenda juu na chini, fimbo ya chuma inaunganisha na gurudumu, gurudumu linazunguka. Juu, mzunguko huohuo unageuzwa tena kuwa sindano inayopanda na kushuka. Yote hayo hayajafunikwa, mtu yeyote anaweza kuyafuata kwa macho kutoka mguuni hadi kwenye uzi. Mashine za leo zimefichwa ndani ya plastiki, na ninadhani hilo limewanyima watoto zaidi ya televisheni ilivyowanyima.

Si watoto wala si Afrika peke yake walioingiwa na uchu huu. Mjini Paris, kati ya 1926 na 1931, Mmarekani Alexander Calder alitengeneza sarakasi nzima kwa waya, vizibo vya mvinyo na vitambaa: simba, wapanda farasi, wacheza bembea. Aliibeba ndani ya masanduku na kuiendesha kwa mikono yake mbele ya marafiki walioketi sakafuni. Iko katika jumba la Whitney, New York. Huku kwetu upande wa magharibi, Bodys Isek Kingelez wa Kinshasa, aliyefariki 2015, alijenga miji ya ndoto kwa katoni, karatasi za kufungia bidhaa na mikebe, na mwaka 2018 jumba la MoMA mjini humo humo New York likamfanyia maonyesho makubwa. Miji yake haisogei, lakini inachekesha na kutisha kwa pamoja. Karibu nasi zaidi, Cyrus Kabiru wa Nairobi amejulikana duniani kwa miwani anayoiunda kwa takataka za chuma. Hao wote wana majina ukutani. Mchunga ng'ombe wa Ogembo hana.

Au tuchukue Goma. Chukudu, kile kigari cha magurudumu mawili ya mbao chenye usukani, kina umbo la kitu ambacho mtoto angekiunda ateremkie mlima. Watu wazima wanakitumia kubebea makaa, viazi na kabichi, mizigo ya mamia ya kilo, na mwaka 2009 mji ulikijengea mnara wa rangi ya dhahabu. Mpaka kati ya mchezo na kazi, ambao watafiti wa 1955 walihitaji kuuchora ili wahesabu, pale Goma ungewashinda.

Pwani kuna mfano mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika kisiwa cha Kiwayu kaskazini mwa Lamu, watoto walikuwa wakichonga vichezeo kutoka kwa slipa zilizoletwa na bahari. Julie Church, aliyekuwa akifanya kazi ya uhifadhi huko, aliviona, na kutokana navyo ikazaliwa biashara inayojulikana leo kwa jina la Ocean Sole, inayouza twiga na tembo wa slipa duniani kote. Wazo lilitoka kwa watoto, nalo halina hakimiliki.

Gusii ina biashara yake ya namna hiyo, ila ya jiwe. Tabaka, mwendo mfupi kutoka Ogembo, ndiko linakochimbwa jiwe laini la Kisii, na kutoka huko alitoka mchongaji Elkana Ong'esa, ambaye ndege wake wa amani amesimama katika makao ya UNESCO, Paris. Wachongaji wa Tabaka waligundua mapema kwamba mgeni hununua kinachokaa kimya: kiboko, sahani, bao la sataranji. Jiwe halina mchezo wa viungo. Ukilitoboa goti litavunjika. Ndiyo maana jina la Kisii likitajwa katika maduka ya zawadi mtu huona jiwe, na ufundi wa mwendo, uliokuwa wa bati na waya, umebaki bila soko na bila jina.

Shule iliugusa kwa muda. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 uliahidi elimu ya mikono, na sanaa na ufundi zikaingia katika mtihani wa darasa la nane. Sisi tuliosoma wakati huo tulibeba mikebe, katani na udongo hadi darasani kana kwamba tunahama nyumba. Wazazi walichangishwa karakana ambazo nyingi hazikupata paa. Kichekesho ni kwamba mwalimu aliyetuuliza swali la kuchagua jibu kuhusu ususi wa vikapu alimnyang'anya mtu gari la waya kwa kosa la kuleta michezo shuleni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo ya mtihani yakapunguzwa, sanaa na muziki yakaachwa nje, na lisilotahiniwa Kenya halifundishwi.

Mtaala wa umilisi ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019 umerudisha mikebe mezani kwa mlango wa nyuma. Mtoto anarudi nyumbani jioni na agizo la kuunda kitu, na mzazi ndiye anayekeshea gundi. Magazeti yalijaa malalamiko, maarufu zaidi yakiwa ya sanamu ya kufukuza ndege shambani. Kazi inayofanywa na baba usiku ili binti apigwe picha asubuhi ina faida moja tu: baba anakumbuka aliyoyajua.

Malighafi nayo imebadilika. Mafuta ya kupikia yamehamia ndani ya plastiki, isiyokunjika wala kushika msumari. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, mpira wa mifuko hiyo uliosokotwa kwa kamba, uliofundisha taifa zima kandanda, ulipoteza tumbo lake. Lakini taka mpya zimekuja na nguvu ndani yake. Mota ndogo ya mashine ya DVD iliyokufa, betri ya simu, taa ya tochi ya sola: vitu hivi sasa vinazungusha pangaboi na kuwasha taa za matatu ya katoni. Matatu yenyewe ina historia ya kuigwa, tangu Rais Kenyatta alipoihalalisha 1973, kupitia mstari wa njano wa kanuni za Waziri wa Uchukuzi John Michuki mwaka 2004, hadi michoro iliporuhusiwa tena muongo uliofuata. Nairobi kuna vijana wanaoziunda kwa katoni, zenye michoro kila upande na muziki ndani, na wateja wao ni wenye matatu halisi.

Na pikipiki? Tangu serikali ilipoziondolea kodi pikipiki ndogo karibu mwaka 2008, bodaboda ndiyo chombo ambacho mtoto wa Ogembo hukiona mara nyingi kuliko vingine vyote, ikipanda mlima na abiria wawili na gunia la avokado. Kuiiga ni taabu kuliko lori. Magurudumu mawili hayasimami, na usukani ukiwa mrefu hadi kiunoni unaiangusha. Utatuzi ni ule wa zamani uliogeuzwa: fimbo inafungwa nyuma, kwenye kibebeo, badala ya mbele, kisha waya mbili nyembamba hutoka kwenye ncha ya fimbo hadi kwenye vishikio, moja kila upande, kama kamba za hatamu. Ukivuta ya kulia inakata kulia. Abiria wa bati, goti lake likiwa na msumari, ananing'inia kwa springi ya kalamu, hivyo kila kwenye jiwe anaruka na kurudi kukaa. Waliokwisha kuimudu wanafunga gunia nyuma yake, na mara gunia linapozidi uzito, gurudumu la mbele linainuka hewani, kama lile la kweli kwenye kilima cha kutoka mtoni.